Wanne wa Msitu wa Pande: Ukweli, Sheria na Imani Yetu kwa Polisi



Wapendwa Taifa la Mungu, kila ifikapo tarehe 14 Januari sisi wa bonde la Kilombero tunazo sababu mbili za kuikumbuka siku hiyo. Ya kwanza ni ya furaha. Tarehe 14 Januari 2012 Baba Mtakatifu Benedikto wa XVI aliunda Jimbo la Ifakara, akilimega kutoka Jimbo mama la Mahenge, na Mhashamu Salutaris Libena akawa Askofu wake wa kwanza. Sababu ya pili ni ya majonzi, na wengi wetu, hasa vijana, hawaijui. Miaka sita kamili kabla ya hapo, Jumamosi ya tarehe 14 Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa amewabeba, waliuawa kwa risasi katika msitu wa Pande, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Waliouawa waliitwa majambazi. Waliowaua walikuwa askari polisi.

Wiki hii tumeona vema tuisimulie habari hiyo tangu mwanzo wake hadi ilipofika mahakamani, kisha tujiulize mbele ya Mungu inatufundisha nini. Majina ya marehemu hatuyaandiki hapa. Familia zao zipo, na mahali pa majina hayo ni katika sala za ndugu zao. Majina ya viongozi na maofisa tutayataja pale tu yalipo katika kumbukumbu za wazi za taifa letu.

Kwanza tukumbushane nyakati zenyewe. Mwaka 2006 Ifakara ilikuwa bado sehemu ya Jimbo la Mahenge, na daraja kubwa la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, halikuwepo. Mtu wa Mahenge aliyekuwa na safari ya Dar es Salaam aliteremka mlima hadi bondeni, akavuka mto kwa pantoni, akapita Ifakara, Kidatu, Mikumi na Morogoro, ndipo aingie jijini. Njia hiyo ndiyo waliyopita wagonjwa wetu wa rufaa, wanafunzi wetu, wauza mpunga wetu, na wachuuzi wa mawe. Milima ya Mahenge ina rubi na spineli, mawe ambayo hutafutwa na masonara wa dunia nzima. Mwaka 2007, mwaka mmoja tu baada ya msiba huu, machimbo ya Ipanko yalitoa spineli nyekundu kubwa zilizoipeleka sifa ya Mahenge hadi Asia na Ulaya. Basi kijana wa Mahenge kwenda jijini na mawe na kurudi na fedha halikuwa jambo la ajabu. Ndivyo wengine walivyojenga nyumba na kusomesha wadogo zao.

Wazee wetu, hata hivyo, walikuwa na neno la tahadhari kuhusu mtu mwenye bunduki ya serikali, na tahadhari hiyo ina historia yake. Bonde hili lilimjua askari kwanza kama mtu wa kutoza kodi na kuchapa viboko. Chini ya Wajerumani, akida na askari wake walifika kijijini kuchukua, wala hawakufika kulinda. Agosti 1905 moto wa Majimaji ulipowaka, Wambunga wa Ifakara na Wapogoro wa Mahenge waliinuka pamoja na wenzao, na tarehe 30 Agosti boma la Mahenge likashambuliwa. Bunduki za mtombo ziliwafyeka watu kama majani. Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi ya vita yenyewe: ghala zilichomwa, mashamba yakaharibiwa, njaa ikatumiwa kuwa silaha. Vitabu vya historia vinakadiria kwamba katika nchi yote ya kusini walikufa watu kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Waingereza walipoanzisha rasmi Jeshi la Polisi la Tanganyika mwaka 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, walilikabidhi kazi ile ile ya kuitetea serikali ya mgeni. Raia alikuwa mtu wa kuangaliwa. Uhuru wa mwaka 1961 ulibadili bendera na wimbo wa taifa kwa usiku mmoja. Mazoea ya kituoni hayabadiliki kwa usiku mmoja.

Turudi kwenye Januari 2006. Rais Jakaya Kikwete alikuwa ameapishwa tarehe 21 Desemba 2005, na moja ya mambo yaliyowatia wananchi hofu siku zile ni ujambazi wa kutumia silaha katika Dar es Salaam. Watu walikuwa wamechoka, na polisi walikuwa wakishinikizwa waonyeshe matokeo. Katika hali hiyo ikatoka taarifa kwamba majambazi wanne wameuawa katika mapambano ya risasi na polisi huko Sinza.

Ndugu zangu, hapa tusimame kidogo, maana hapa tunahusika sisi. Ni wangapi kati yetu, tunaposikia redioni kwamba majambazi wameuawa, tunauliza ni akina nani na wamehukumiwa na nani? Kwa kawaida tunashusha pumzi na kusema, afadhali. Wengine tunashangilia. Habari ile ilipokewa hivyo hivyo na watu wengi. Ilionekana ni habari njema, na ingekwisha siku ile ile, kama nyingine za namna yake, laiti marehemu wasingekuwa na ndugu wenye ujasiri.

Ndugu hao walikataa. Walisema: hawa tunawajua, ni wafanyabiashara, wana wake na watoto, walikwenda Dar es Salaam kuuza mawe, na yule wa nne ni dereva aliyekodiwa tu. Tuwaze uzito wa neno hilo. Familia ya mashambani, iliyofiwa, inasimama mbele ya dola na kusema kwamba taarifa ya polisi si kweli. Kilio chao kilichukuliwa na vyombo vya habari, na kikamfikia Rais, ambaye aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Musa Kipenka. Tume ilipomaliza kazi ikaleta jibu lililolitikisa taifa: watu wale hawakuwa majambazi, hayakuwepo mapambano yoyote ya risasi, na vifo vyao havikutokea Sinza. Walikuwa wamekamatwa wakiwa hai, wakapelekwa msituni Pande, na huko wakapigwa risasi.

Waamini wanaokijua Kitabu cha Nabii Danieli wataikumbuka habari ya Susana, mwanamke mcha Mungu aliyesingiziwa na wazee wawili waliokuwa waamuzi wa watu. Umati uliwaamini wazee hao kwa sababu ya cheo chao, na Susana akahukumiwa kufa. Kijana Danieli alifanya jambo moja jepesi. Aliwatenganisha mashahidi, akamwuliza kila mmoja mahali: ni chini ya mti gani uliwaona? Mmoja akataja mti huu, mwenzake akataja mwingine, na uongo ukaanguka wenyewe. Habari ya Pande nayo iligeuka katika swali hilo hilo la mahali. Taarifa ilisema Sinza, lakini damu ilikuwa imemwagika msituni. Uongo una miguu mingi, lakini mahali pa kusimama hauna. Ndiyo maana kuuliza si utovu wa adabu kwa wenye mamlaka. Kuuliza ni kazi ya kinabii, na Kanisa halina ruhusa ya kuiacha.

Katikati ya mwaka 2006 maofisa na askari kadhaa walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya mauaji, wakiongozwa na Kamishna Msaidizi Abdallah Zombe, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam. Kesi ilichukua miaka mitatu. Tarehe 17 Agosti 2009 Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu alitoa hukumu: washtakiwa waliokuwa mbele yake aliwaachia huru. Hakusema kwamba mauaji hayakutokea. Alisema ushahidi haukuthibitisha pasipo shaka kwamba hao waliosimama kizimbani ndio waliowaua marehemu, na akaagiza wauaji halisi wasakwe. Askari aliyetajwa mara nyingi kuwa ndiye mfyatuaji wa risasi alikuwa ametoroka.

Hukumu hiyo iliwaumiza watu wengi. Ikumbukwe kwamba wananchi walikuwa wamekwisha kuambiwa na tume ya Rais kuwa polisi waliua, kisha mahakama inawaambia kwamba hakuna aliyeonekana na hatia. Kwa mtu asiyesoma sheria hayo ni kama mchezo wa kuigiza. Lakini tujitahidi kuwa waadilifu. Tume inatafuta lililotokea, na mahakama inatafuta aliyelitenda, na haiwezi kumfunga mtu kwa sababu tu umma una uchungu. Jaji akianza kuhukumu kwa uchungu wa umma, atakuwa ametenda lile lile lililotendwa Pande, ila kwa kalamu.

Mkurugenzi wa Mashtaka alikata rufaa. Mwaka 2013 rufaa hiyo iliondolewa mahakamani kwa sababu ya kasoro katika hati ya kusudio la kukata rufaa. Miaka saba ilikuwa imepita tangu mazishi, na shauri la watu wanne waliouawa lilikwama kwenye karatasi. Upande wa mashtaka ukaanza upya. Hatimaye, tarehe 16 Septemba 2016, Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi wake. Zombe alibaki huru, kwa kuwa ushahidi dhidi yake haukutosha. Mrakibu wa Polisi Christopher Bageni alionekana na hatia ya kuwaua watu wote wanne, akahukumiwa adhabu ya kifo. Tangu risasi za Pande hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka kumi na miezi minane. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya msiba alikuwa amekwisha kufika shule ya msingi darasa la nne.

Hiyo ndiyo historia yenyewe, wapendwa. Sasa tuitafakari, na tutafakari mambo manne tu.

La kwanza ni ule uongo wa siku ya kwanza. Kabla ya risasi kuwaua watu wale mara moja, neno liliwaua mara ya pili. Kuitwa jambazi ni kufukuzwa katika jamii ya binadamu, na aliyefukuzwa hivyo hakuna amliliaye. Maandiko yanatupa mfano wa Naboti wa Yezreeli, aliyekuwa na shamba la mizabibu alilolitamani mfalme Ahabu. Yezebeli hakumwua Naboti gizani. Alitafuta mashahidi wa uongo, akapiga mhuri wa mfalme juu ya barua, akafanya mauaji yaonekane kuwa ni hukumu. Naboti alikufa akiwa na jina la mtenda kosa. Mungu akamtuma Eliya si kwa sababu ya mali tu, bali kwa sababu damu ilimwagwa na ukweli ukazikwa pamoja nayo. Kila mara mwenye dola anapoandika taarifa ya uongo juu ya maiti, mhuri wa Yezebeli unatumika tena.

La pili linatuhusu sisi raia. Ni nani aliyeizoeza nchi kwamba mtu akiitwa mwizi damu yake haina thamani? Katika bonde hili tumeshuhudia kelele za "mwizi! mwizi!" zikigeuka kuwa mawe, magongo na tairi la moto. Tumesikia Wakristo, wengine waliotoka kupokea Ekaristi Takatifu asubuhi, wakisimulia jambo hilo jioni bila kutetemeka. Tunapoulizwa tunajibu kwamba tukiwapeleka polisi wanaachiwa. Huenda ni kweli mara nyingine. Lakini mwananchi anayeua kwa sababu haamini mahakama, na askari anayeua kwa sababu haamini mahakama, wanasali katika kanisa moja la giza. Hatuwezi kulaani Pande huku tukishangilia tairi linalowaka njiapanda. Kwa maneno mengine, askari muovu hupata ujasiri wake kwetu, kwa sababu anajua tutampigia makofi kabla hatujauliza jina la marehemu.

Na hapa tuseme jambo ambalo halipendwi. Tangu mwaka 2009 limekuwapo neno vijiweni la kuendelea kumhukumu mtu ambaye mahakama mbili zimemwacha huru. Hatuna ruhusa hiyo. Amri ya nane haisemi kwamba kumsingizia ofisa wa polisi si dhambi. Kama tunawalilia wale wanne kwa sababu waliitwa wahalifu pasipo kuthibitishwa, basi kanuni hiyo ituongoze hata kwa mtu tusiyempenda. Haki isiyomtetea adui yetu si haki, ni ukoo.

La tatu ni adhabu yenyewe. Wapo waliofurahi kusikia neno kitanzi. Uchungu wao tunauelewa. Lakini Kanisa limetufundisha kwa uwazi zaidi katika miaka yetu hii. Mwaka 2018 Baba Mtakatifu Fransisko aliagiza Katekisimu irekebishwe, namba 2267, iseme kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kwa sababu inashambulia hadhi ya mtu, hadhi ambayo haipotei hata kwa mwenye kosa kubwa. Tanzania bado inayo adhabu hiyo katika vitabu vya sheria, ingawa tangu katikati ya miaka ya 1990 haijatekelezwa. Sisi tunaomba ukweli usemwe, aliyetenda atiwe hatiani, wajane na yatima waangaliwe, na mkosaji apewe muda wa kutubu. Kamba haimrudishii mtoto baba yake.

La nne ni kuwajibika, na hapa taifa letu lina kumbukumbu ambayo yafaa kuisimulia kwa watoto. Katikati ya miaka ya 1970, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa kuhusiana na mauaji ya vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi. Mikononi mwa vyombo vya dola watu hao waliteswa, na baadhi yao wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu yeyote, wala hakuwa chumbani walimoteswa. Hata hivyo, mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yaliyotendwa yalitendwa chini ya dhamana yake. Wengi wangedhani safari yake ya uongozi imekwisha. Mwaka 1985 alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kujiuzulu kwake hakukumshusha mbele ya wananchi, na alipofariki Februari 2024 jambo hilo lilikumbukwa kwa heshima.

Je, baada ya Pande tumejifunza? Yapo mema tunayopaswa kuyakiri. Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeshika uongozi wa Jeshi la Polisi mwaka 2006, alilitangaza wazo la polisi jamii na ulinzi shirikishi, ili askari na mwananchi wafahamiane kwa majina. Lakini majeraha mapya yalikuja. Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa mikononi mwa polisi kijijini Nyololo, mkoani Iringa, na mwaka 2016 askari mmoja alifungwa miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Mwishoni mwa mwaka 2013 Operesheni Tokomeza, iliyokusudiwa kuwakomesha majangili, ilisitishwa kwa sababu ya mateso waliyofanyiwa raia, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao kwa siku moja. Hapa kwetu bondeni, tangu ardhi oevu ya Kilombero ilipotambuliwa kimataifa mwaka 2002 na hasa tangu operesheni ya kuondoa mifugo ya mwaka 2012, wafugaji na wakulima wote wawili wamelalamika, kila upande ukiamini kwamba mwenye fedha ndiye mwenye askari.

Kisha ikaja Mtwara, Januari 2022. Kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa, na maofisa wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji yake. Kama kuna mtu katika bonde hili aliyesikia habari ile bila kuikumbuka Pande, basi hakuwa ameijua Pande. Safari hii Rais Samia Suluhu Hassan alisema wazi kwamba polisi hawawezi kujichunguza wenyewe katika jambo hilo, na Juni 2025 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maofisa wawili. Katikati ya hayo, mwaka 2023, tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikuwa imekwisha kukabidhi taarifa yake juu ya marekebisho ya taasisi za haki jinai. Na damu iliyomwagika katika siku za uchaguzi wa Oktoba 2025, ambayo kwa ajili yake iliundwa tume nyingine Novemba mwaka huo huo, inatuonya kwamba tume juu ya tume si dawa, ikiwa yanayoandikwa hayatendwi. Maaskofu wetu wamekwisha kusema juu ya hayo. Sisi tunaendelea kuomba na kungoja ukweli.

Wapendwa, tusiishie hapo tukadhani kwamba kila aliyevaa sare ni mtu wa Pande. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunao askari, wake zao na watoto wao. Tunawaona Misani. Wapo wanaolala msituni kwa ajili ya usalama wetu, wapo wanaokwenda kwenye tukio kwa pikipiki ya kuazima kwa kuwa gari la kituo halina mafuta, na wapo walioletewa bahasha wakairudisha, jambo ambalo halitangazwi redioni. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kando ya Yordani na kumwuliza wafanyeje, hakuwaambia waache uaskari. Aliwakataza kunyang'anya na kusingizia, akawataka waridhike na ujira wao. Miaka elfu mbili imepita, na hakuna mafunzo ya polisi yaliyopata kusema zaidi ya hayo kwa maneno machache.

Nasi raia tunayo sehemu yetu, na ni ya kila siku. Fomu ya PF3 hutolewa bure, na dhamana haiuzwi. Anayeombwa fedha aombe risiti, na anayetoa fedha kwa siri ili ndugu yake atoke haraka ajue kwamba amelipia pia kosa la kesho. Mtu akikamatwa, sheria inataka afikishwe mahakamani au apewe dhamana ndani ya saa 24, isipokuwa kwa makosa mazito. Mtu akifia mikononi mwa polisi, ipo sheria ya uchunguzi wa vifo, tangu mwaka 1980, inayotaka chanzo cha kifo hicho kichunguzwe hadharani. Ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ya kupokea malalamiko. Na aliyeshuhudia asikimbie kuwa shahidi. Kesi nyingi huanguka kwa sababu waliojua walinyamaza, kisha hao hao walionyamaza ndio wanaolalamika kwamba mahakama imenunuliwa. Viongozi wa jumuiya wazungumze mambo haya katika mikutano yao, na wazee wa familia wawafundishe vijana wanaosafiri na mawe au fedha kutoa taarifa nyumbani waendako na wanaofuatana nao.

Imani ya watu kwa polisi hurudi polepole, kama ardhi iliyochomwa irudishavyo majani. Wale ndugu wa Mahenge waliokataa kuitwa ndugu wa majambazi hawakuwa na silaha wala cheo. Walikuwa na ukweli, nao walikaa nao miaka kumi na zaidi. Bila wao, kumbukumbu za taifa zingesema hadi leo kwamba tarehe 14 Januari 2006 majambazi wanne waliuawa Sinza.

Dominika hii, katika sala ya waamini, tuwaombee marehemu wale wanne, kila mmoja kwa imani aliyoishi nayo, na familia zao. Tumwombee yeye aliyehukumiwa na wote waliohusika, waguswe na neema ya toba. Tuwaombee askari wa vituo vyetu, ili wanaporudi nyumbani jioni waweze kuwashika watoto wao kwa mikono safi. Na tujiombee sisi, tusimshangilie tena maiti tusiyemjua.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.